Gari inazima kwenye mwendo, fundi anabadilisha spea tu! WRX yangu siyo shamba la bibi

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mtanivumilia nikirukaruka.

Nina Subaru Impreza WRX ya 2003, manyuo, injini EJ20 ya tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa), cc 1994. Tatizo lake inazima ikiwa kwenye mwendo. Siyo kwamba inaanza kumisi au inakosa nguvu kwanza, hapana, inakata kama vile mtu kazungusha swichi. Leo inaenda Bagamoyo na kurudi haina neno, kesho inazima Mwenge kwenye foleni. Ukikaa pembeni dakika kama kumi na tano ukapiga stata inawaka moja tu, safi kabisa, mpaka unajisikia mjinga mbele ya waliokusaidia kusukuma.

Na kwa wanaosema "si unawasha tu unaendelea", niwaeleze kitu. Siku moja imezima Kimara nashuka kuelekea Ubungo, nyuma yangu kuna semi limepakia. Ukishakanyaga klachi injini ikasimama usukani unakuwa mzito kwa sababu pampu ya pawa stelingi inavutwa na mkanda wa injini, na breki una mikanyago michache tu hapo, vakyumu ya busta (ile inayosaidia mguu kukanyaga breki) ikiisha pedeli haishuki tena mpaka uisimamie na mwili mzima. Semi linapiga honi, mimi napambana na usukani niifikishe gari pembeni. Hiyo ndiyo gari ambayo fundi aliniambia "bosi hiyo imeshapona, tembea tu".

Sasa tuje kwenye gereji yenyewe. Jina sitaji, ila mwenyewe akisoma atajijua.

Nimefika nikaeleza, wakachomeka mashine ya kusoma makosa ya kompyuta ya gari, hakuna kodi (namba ya kosa). Fundi hakuniuliza swali hata moja. Hakuuliza inazima ikiwa ya moto au ya baridi, hakuuliza mshale wa RPM (mizunguko ya injini) unafanyaje, redio inabaki au inazima, inazima ukiwa unakanyaga mafuta au ukiwa umeachia. Kaangalia injini juu juu kasema "plagi hizi bosi". Haya, plagi zikabadilishwa, na kwa injini ya boksa, ile pistoni zake zimelala kushoto na kulia, mnajua plagi ziko ubavuni kule kuzifikia ni shughuli kwa hiyo na ufundi ukapanda bei. Ikazima. Nikarudi, "koili hizo". Koili nne, nikalipa. Ikazima. "Throto bodi chafu", yaani mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, ikasafishwa, sailensa (muungurumo gari ikiwa imesimama) ikatulia kweli, nikafurahi, ikazima wiki hiyo hiyo. Halafu ikaja ile ya mafundi wote wakishakwama: "Unaweka mafuta wapi bosi? Mafuta machafu hayo." Jamani, mafuta yanawekwa vinasaba, alama ya kugundua yaliyochakachuliwa, tangu 2010, uchakachuaji upo siwezi kubisha, lakini mafuta machafu ndiyo yanajua kukaa pembeni robo saa yakawa masafi?

Kilichonivuruga kabisa ni pampu ya mafuta. Wamenitoza 350,000 wakasema wanaweka pampu used ya Japani, genuine. Nimeenda jioni kuchukua gari naomba pampu yangu ya zamani, naambiwa imetupwa. Pampu original ya gari ya tabo itupwe? Kwenye jalala gani? Nilipokuja kuifungulia kwa mtu mwingine tumekuta mle kwenye tenki kuna kipampu cha gari ndogo isiyo na tabo, kimefungwa na zip tai! Kwa wasiojua hatari yake ni kwamba tabo ikianza kusukuma hewa injini inataka mafuta mengi, pampu ikishindwa kuyaleta mchanganyiko unabaki hewa nyingi mafuta kidogo, joto linapanda, inaanza kunoki (mafuta yanalipuka ovyo ndani ya injini) na pistoni zinapasuka. Yaani nimepeleka gari inayozima nikarudishiwa gari inayozima na injini inayosubiri kufa.

Na hapo hapo kijana wao mmoja alishaanza kunishawishi niweke blo-ofu, valvu ya kutolea nje hewa ya tabo ukiachia mafuta, eti gari itapiga chafya vizuri. Kwenye hizi Subaru hewa inayotoka hapo sensa ya ea floo (inayopima hewa inayoingia) imeshaihesabu, ukiitupa nje kompyuta inamwaga mafuta ya hewa ambayo haipo, na unapokanyaga klachi injini inaweza kuzima. Mtu ana mteja anayelalamika gari inazima, anamuuzia kitu cha kuizimisha.

Tatizo limekuja kuonekana kwa fundi umeme mmoja ambaye hata gereji yenye geti hana, anafanyia chini ya mwarobaini. Huyu aligoma kugusa spana. Akasema gari ya kuzima zima haitibiwi ikiwa nzima, tuizungushe mpaka izime, na ikizima usikanyage klachi, acha gia ndani angalia mshale wa RPM. Tumezunguka nayo jua la mchana mpaka ikazima. Gari bado inatembea, gia ya tatu iko ndani, kwa hiyo matairi bado yanaizungusha injini, lakini mshale umeanguka sifuri palepale. Taa za dashibodi zinawaka, redio inaimba.

Akanieleza pale pale pembeni ya barabara. Ingekuwa mafuta yamekata, injini bado inazungushwa na matairi, mshale ungeonyesha RPM na kushuka taratibu na mwendo wa gari. Umeanguka sifuri maana yake kompyuta haioni kama krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, inazunguka. Na ingekuwa umeme mkubwa umekata, labda kichwa cha betri kimelegea au swichi ya funguo, dashibodi na redio vingeenda pamoja. Kwa hiyo anaanzia sensa ya krenki na waya zake. Bila kufungua hata bolti moja!

Kwenye EJ20 sensa hiyo iko mbele ya injini, chini ya altaneta, bolti moja tu na soketi ya waya. Ndani ni waya mwembamba uliozungushwa, na ukizeeka joto likipanda unatanuka unaachana, signali inapotea, kompyuta inakata cheche na mafuta. Ikipoa waya unagusana tena gari inawaka. Ndiyo maana ilikuwa inataka dakika kumi na tano, na ndiyo maana kila gereji ikiifikia inakuta nzima. Alipima kwa mita ikiwa bado ya moto ikasoma wazi kabisa, yaani waya wa ndani umekatika, haina njia. Tukaimwagia maji kidogo kidogo mita ikaanza kusoma omu elfu mbili na kitu. Nimeona kwa macho yangu. Kazi ya mita ya bei ya kutupa, halafu kuna watu wana mashine ya mamilioni ukutani wamenikamua mpaka basi.

Halafu hilo la "mashine haijaona kodi" mafundi muache kulitumia kumfukuza mteja. Kodi isipokuwepo ndiyo unafungua laivu data (vipimo vya injini ikiwa inafanya kazi) uangalie RPM gari ikizima, unafunga geji ya presha ya mafuta uone kama iko kwenye psi 43 ukichomoa mpira wa vakyumu, unatikisa nyaya injini ikiwa inaunguruma. Kazi ya masaa, sawa, nitozeni hayo masaa! Nilikuwa tayari kulipa mtu afikiri. Nimelipishwa vyuma.

Sensa mpya imeshafungwa, nimeipeleka Chalinze na kurudi na jua kali, haijazima. Kilichobaki ni pampu, natembea nayo taratibu bila kuamsha tabo. Mwenye kujua duka la uhakika la pampu ya WRX, iwe Ilala au Kariakoo, aniambie, na bei aweke hapa hapa wengine waione, siyo "njoo PM".

Na wewe mwenye gereji, risiti zote ninazo, kipampu chako nimekihifadhi na zip tai zake. Jumatatu asubuhi nakuletea, uwe umeshakumbuka ya kwangu uliitupa wapi.