Maziwa ya Nyanda za Juu Kusini: tuyanywe yote, au sehemu yake tuifanye siagi?

Mtoa hoja, Iringa

Ninaleta mbele yenu swali ambalo wafugaji wa Iringa, Njombe na Rungwe wamekuwa wakiligusa na kuliacha: je, ni haki vyama vyetu vya wafugaji na viwanda vidogo vya maziwa kutengeneza siagi, ilhali watoto wengi wa mikoa hii hii hawapati maziwa ya kutosha?

Wanaopinga wana hoja nzito, nami nitaieleza kwanza kwa ukamilifu wake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba udumavu wa watoto walio chini ya miaka mitano ulikuwa takriban asilimia 57 mkoani Iringa na asilimia 50 mkoani Njombe, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Kilo moja ya siagi huhitaji lita 20 za maziwa au zaidi, kutegemea wingi wa mafuta yaliyomo. Kwa hiyo, wanasema, kila kilo inayopakiwa kwenda Dar es Salaam ni vikombe 80 vya maziwa vilivyoondolewa katika mikoa yenye watoto waliodumaa kuliko yote nchini.

Ninaheshimu uchungu uliomo katika hoja hiyo, lakini hesabu yake siikubali. Chukua lita 100 za maziwa yenye mafuta asilimia 4, kiwango cha kawaida kwa ng'ombe chotara wetu wa Friesian. Ukiyapitisha kwenye mashine ya kutenganisha krimu, kisha ukaipiga krimu hiyo mpaka ishikane, utapata siagi ya kilo nne na nusu au karibu tano, kwa sababu siagi inayokubalika kimataifa ni lazima iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 80 na maji yasiyozidi asilimia 16. Siagi hiyo imechukua mafuta, pamoja na vitamini A inayosafiri ndani ya mafuta. Haikuchukua protini wala kalisi, ambazo karibu zote zimebaki katika lita 90 hivi ambazo bado ziko kwenye ndoo. Vile vikombe 80 havijaondoka. Kilichoondoka ni mafuta yaliyokuwamo, na hayo ndiyo mnunuzi wa mjini anayoyalipia vizuri.

Tatizo letu kubwa, kwa maoni yangu, liko kwenye majira. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei. Katika miezi hiyo matete na majani ya Guatemala hustawi, ng'ombe hujaa maziwa, na wakati huo huo barabara za vijijini hugeuka utelezi. Kituo cha kukusanyia maziwa hufika mahali kikasema hakina nafasi tena, na mfugaji aliyebeba madumu yake kwa mguu kutoka bondeni hurudi nayo nyumbani. Ifikapo Septemba, mifugo inakula mabua ya mahindi na pumba, na kiwanda kile kile kinatafuta maziwa kisiyapate. Maziwa mabichi hayasubiri, na mtindi husubiri siku chache tu, lakini siagi iliyotiwa chumvi na kuwekwa mahali penye baridi ya kutosha husubiri miezi. Samli, ambayo imeondolewa maji kwa moto, husubiri hata bila friji. Mafuta ya Februari yanaweza kuuzwa Septemba.

Tena tunayo hali ya hewa ambayo wenzetu wa Pwani hawana. Krimu hushikana vyema ikiwa na ubaridi wa nyuzi 10 hadi 16 hivi. Ikiwa na joto zaidi, siagi huwa laini kama uji na mafuta mengi hupotelea katika maziwa yanayobaki. Katika Makete na Njombe, ambako asubuhi ya Juni huamkia kwenye umande ulioganda, ubaridi huo upo bure kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ninasikitika kila ninapoona katika maduka ya Mbeya mjini siagi iliyotoka nje ya nchi, kilometa chache kutoka Uyole ambako utafiti wa mifugo umefanyika kwa miongo mingi, na si mbali na Kitulo, ambako shamba la Serikali limefuga ng'ombe wa maziwa kwenye nyika ya baridi tangu zamani.

Msimamo wangu basi ni huu: vyama vya wafugaji vitengeneze siagi katika miezi ya mvua, kwa maziwa yanayozidi uwezo wa soko, na maziwa yanayobaki baada ya krimu kuondolewa yageuzwe mtindi, uandikwe wazi kwamba umeondolewa mafuta, na uuzwe kwa bei ya chini kwa shule za kata zile zile yalikotoka.

Mchangiaji, Njombe

Ndugu mtoa hoja, hesabu yako ya protini ni sahihi, lakini umeipeleka kwa mtoto asiye sahihi. Ninafanya kazi na akina mama wanaoleta watoto kliniki, na udumavu unaoutaja haumpati mtoto akiwa darasa la tatu. Huanzia tumboni na kujengeka hadi mtoto atimize miaka miwili, katika zile siku 1,000 ambazo wahudumu wa afya tunazirudia kila siku. Mtoto wa umri huo hafai kutegemea maziwa yaliyoondolewa mafuta, kwa sababu anahitaji nishati nyingi ndani ya tumbo dogo, na anahitaji vitamini A ambayo wewe mwenyewe umekiri kwamba inaondoka na siagi. Mtindi wako wa shule utamfaa kaka yake, nami siupingi, lakini usiutumie kama jibu la takwimu za mwaka 2022.

Naomba pia tusiifanye siagi kuwa mshtakiwa peke yake. Mikoa yetu inalima mahindi, viazi, maharage na matunda kuliko mikoa mingi, na bado watoto wanadumaa. Ninachokiona ni uji mwepesi wa mahindi usio na chochote ndani yake, mama anayeshinda shambani akimwachia mtoto ndugu yake mdogo, kuharisha kunakojirudia, na maziwa yanayouzwa yote hadi tone la mwisho kwa sababu ada na mbolea zinasubiri fedha. Katika nyumba kama hiyo hata siagi isipotengenezwa kabisa, mtoto hatayaona maziwa hayo.

Ndiyo maana pendekezo langu ni kinyume cha lako kidogo. Kinachokosekana katika uji wa mtoto aliyekwisha kuanza kula ni mafuta. Kijiko kidogo cha siagi au samli katika bakuli la uji huongeza nishati bila kuongeza wingi wa chakula ambacho tumbo lake haliwezi kukipokea. Tunawezaje kuzalisha mafuta bora kiasi hicho, kisha tukayasafirisha yote kwa wenye hoteli, na kumwachia mtoto wa Makambako maji meupe yaliyobaki? Siagi itengenezwe, lakini sehemu yake irudi kwa familia zilizoleta maziwa, kama sehemu ya malipo.

Jambo la mwisho, na hili halina mjadala: krimu ipashwe moto ipasavyo kabla ya kupigwa, si chini ya nyuzi 66 kwa dakika 30, kisha ipozwe. Homa ya kutupa mimba na kifua kikuu cha ng'ombe hupita katika maziwa mabichi, na siagi ya krimu mbichi haijavisafisha.

Mchangiaji, Tukuyu

Wanangu, ninawasoma nyote wawili kwa heshima, na ninafurahi kuona vijana wanajali jambo hili. Mimi ni mfugaji wa ng'ombe wawili chini ya migomba, na la kwanza kwangu ni hili: maziwa ya jioni msiyaguse. Hapa kwetu maziwa ya asubuhi huenda kituoni, na malipo yake mara nyingi huingia kwenye akaunti yenye jina la baba. Maziwa ya jioni hubaki nyumbani. Hayo ndiyo tunayoyala na ndizi, ndiyo tunayoyagandisha, na yakizidi ndiyo ninayomuuzia jirani na fedha ikabaki mkononi mwangu. Mkianzisha biashara ya siagi inayohitaji maziwa mengi, kiwanda kitafungua mlango jioni pia, na nyote mtaiita hiyo maendeleo. Mimi ninawaambia kwamba mtoto anayenywa maziwa Rungwe ananywa yale ya jioni.

La pili ni soko. Watoto wangu wanapaka parachichi kwenye mkate, na tunayo mengi. Wengine wanapaka majarini, kwa sababu haihitaji friji, ni nafuu, na imeongezwa vitamini A. Siagi ya kiwanda chenu haitashindana na hayo mezani kwangu. Nani hasa ataila?

La tatu, mtoa hoja ameitaja samli kwa sentensi moja na kuipita. Wafugaji wa bonde la Usangu wamekuwa wakisuka maziwa katika vibuyu na kupata samli bila mashine wala umeme. Kwa nini tusianzie hapo?

Mtoa hoja, Iringa

Mama yangu wa Tukuyu, na dada wa Njombe, ninashukuru.

Kuhusu maziwa ya jioni, ninakubaliana nawe, Mama, bila masharti, na ningetaka liandikwe katika kanuni za chama chochote kitakachoanza kazi hii: ununuzi wa asubuhi tu. Nilichokuwa nikikililia ni maziwa yanayokataliwa kituoni kwa wingi wake, na hayo hutoka kwenye madumu ya asubuhi. Nitaongeza kwamba malipo yaingie kwa jina la yule anayekamua.

Kuhusu nani ataila, sidhani kwamba ni lazima tuile sisi. Majarini ilitengenezwa Ufaransa mwaka 1869 na mwanakemia Hippolyte Mège-Mouriès, pale Napoleon III alipotaka mafuta ya bei nafuu kwa ajili ya jeshi na watu wa kipato cha chini, na kazi hiyo bado inaifanya vizuri. Siwezi kumlaumu mtu anayeichagua. Siagi itanunuliwa na waokaji wa keki, na hoteli, na wageni wanaopita Iringa kuelekea Hifadhi ya Ruaha. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina iliyomo kwenye siagi yasizidi asilimia 10 ya nishati tunayokula kwa siku, kwa hiyo sitamhubiria mtu mzima yeyote aile kwa wingi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na dada wa Njombe, ingawa hoja yake ya kijiko katika uji imenigusa kuliko zote. Kulipa sehemu ya malipo kwa siagi kutamfikia mwenye ng'ombe, wakati nyumba nyingi zenye watoto waliodumaa hazina ng'ombe hata mmoja. Ningependelea chama kitenge sehemu ya faida, kinunue mafuta ya alizeti, na kuyagawa kupitia kliniki kwa familia zisizo na mifugo. Kwa uji wa mtoto, nishati ya kijiko cha alizeti si haba, na kwa fedha ya kilo moja ya siagi utapata mafuta mengi zaidi. Vitamini A ni suala jingine, na hapo ninamsikiliza yeye.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa, nalo linanihangaisha. Vituo vingi hulipa kwa lita, si kwa mafuta. Laktomita hupima uzito wa maziwa tu: maji huyafanya mepesi, kuondoa krimu huyafanya mazito, na mtu anayefanya yote mawili kwa uangalifu anaweza kupita bila kugunduliwa. Siku siagi itakapokuwa na bei, kishawishi cha kuengua krimu nyumbani kabla ya kwenda kituoni kitaongezeka. Kipimo cha Gerber, kinachoonyesha asilimia ya mafuta yenyewe, kinahitaji tindikali, mashine ya kuzungusha na mtu aliyefundishwa. Bila kipimo hicho, mfugaji mwaminifu ndiye atakayelipia udanganyifu wa mwenzake, na ninaona ni afadhali chama kisianze kabisa kuliko kuanza bila nacho.

Kuhusu samli, Mama, ninaomba uendelee. Mitambo yake ni michache, inastahimili safari ndefu, na wapishi wa pilau wanaitafuta. Kinachonizuia kuiweka mbele ni kuni: kuichemsha kwa wingi mpaka maji yaishe kunahitaji moto wa muda mrefu, na misitu ya Rungwe tunaijua hali yake. Kama kuna chama huko Tukuyu au Mbarali kinachoichemsha kwa gesi ya samadi ya ng'ombe, kieleze kinatumia samadi kiasi gani kwa kilo moja, kabla mvua za Novemba hazijatukuta bado tunajadiliana.