Mjadala: Mama akiomba ganzi ya mgongoni apewe, au aambiwe avumilie?

Wadau, uzazi wangu wa kwanza nilishika chuma cha kitanda mpaka vidole vikaacha alama kwenye kiganja. Nikaomba kitu cha kupunguza uchungu. Mkunga hakuinua hata macho kwenye faili: "Vumilia mama, ndiyo uzazi." Hakuniambia dawa imekwisha, wala haipo, wala kwamba haifai kwangu. Jibu lilikuwa hilo tu.

Msimamo wangu: mama mwenye afya akiomba, ombi lake latosha. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2018, linapendekeza epidurali, yaani ganzi ya mgongoni, kwa mjamzito mwenye afya anayeiomba.

Najua mtakalosema: sindano hiyo humpeleka mama kwenye kisu. Hofu hii inarithishwa leba hadi leba, kwa hiyo tuiangalie vizuri. Mapitio ya 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha matokeo ya tafiti za afya, yalikusanya majaribio 40 yenye wanawake zaidi ya 11,000, na hayakuona kwamba epidurali inaongeza upasuaji. Kilichoonekana kuongezeka ni watoto kuvutwa kwa vyuma au kifaa cha kufyonza, lakini walipotazama majaribio ya baada ya 2005 peke yake, ongezeko hilo halikuwepo.

Dozi zimebadilika. Zamani ganzi ilikuwa nzito, miguu inalala kabisa na mama hasikii hata pa kusukuma. Jaribio la Uingereza lililotolewa 2001 lililinganisha dozi ya zamani na dozi ndogo: waliojifungua kwa njia ya kawaida, bila upasuaji wala mtoto kuvutwa, walikuwa kama 35% kwa dozi ya zamani, na karibu 43% kwa dozi ndogo. Kwa hiyo anayeipinga epidurali kwa alichokiona miaka 30 iliyopita anapinga dawa nyingine.

Madhara yapo na mama aelezwe mapema, kabla uchungu haujachanganya: presha kushuka, homa, muda wa kusukuma kurefuka. Inahitaji mtaalamu wa ganzi na mtu wa kumwangalia mama muda wote. Pasipo na hao isifanyike, hapo sibishani.

Lakini pasipo epidurali si lazima pawe na "vumilia". Mwaka 2018 jaribio la wanawake 400 lilionyesha waliojidungia remifentanili, dawa kali ya maumivu inayoingia kwenye mshipa, kwa kubonyeza kitufe na baadaye wakahitaji epidurali walikuwa 19%, dhidi ya 41% ya waliopewa pethidini, sindano ya maumivu iliyozoeleka leba. Hiyo nayo inataka uangalizi wa karibu wa pumzi. Kukandwa mgongo, kupumua kwa utaratibu na kuwa na mtu wako pembeni vimo pia kwenye mwongozo wa WHO, ila navikataa vinapotumika kumnyamazisha aliyeomba dawa.

Hoja kwamba uchungu ni maumbile siielewi. Jino linalouma nalo ni maumbile, na hakuna anayeng'olewa bila ganzi akasifiwa.

Mnaopinga, nijibuni hili: mama akiuliza "kwa nini nisipewe?", na mtaalamu yupo na dawa ipo, mtamwambia nini?