Mistari ya vekta au rasta kwa katuni: ninunue Clip Studio au nibaki na Krita?

kalamukavu: Wakuu, naanza katuni ya kurasa nyingi. Krita ninayo, programu ya kuchorea ya bure. Jamaa ananishinikiza ninunue Clip Studio, ya kulipia, eti kwa sababu ya mistari ya vekta, ile inayohifadhiwa kama hesabu na kukuzwa bila kuharibika, si rasta ya vidoti (pikseli). Ipi bora?

Wino: Bora kwa kazi gani? Hujataja ukubwa wa karatasi, rangi, RAM, wala kama unachapa.

kalamukavu: A4, nyeusi na nyeupe, itachapwa. RAM GB 8.

Wino: Basi dpi 600 (vidoti kwa inchi), yaani pikseli 4961 kwa 7016. Leya moja (tabaka la picha) ya rangi iliyojaa hula kama MB 139 za RAM, usizirundike. Rasta inatosha. Unachora kwa ukubwa wa kuchapia, sasa unakuza nini?

msonge: Kukuza si hoja, hoja ni kurekebisha. Clip Studio, leya ya vekta, kifutio kikiwekwa kifute hadi makutano: nywele iliyovuka shavu inaondoka kwa mguso mmoja. Unene nao unabadilika hata baada ya kuchora. Ila ndoo ya rangi haimwagi kwenye leya ya vekta. Fungua leya ya rasta chini yake, ile ya mistari uifanye leya ya rejea, ili ndoo ifuate mipaka yake.

Wino: Krita nayo ina vekta.

msonge: Ina, lakini brashi ya kawaida haichori humo.

fundi_mabango: Msimdanganye mtu kwamba vekta ni dawa. Watu huleta picha ya PNG ya pikseli 800 iliyopitishwa kwenye Inkscape, programu ya vekta, kutresiwa (kugeuzwa vekta), wakidhani imekuwa safi. Programu hufuata kingo, kwa hiyo mstari mmoja unakuwa umbo lenye pande mbili. Kwenye stika kisu cha mashine kinakata pande zote mbili na utepe wa nusu milimita unang'oka. Zile pikseli zenye ukungu ukingoni nazo huzaa nodi (vituo vya mstari) mamia. Skani kwa dpi 600, geuza nyeusi na nyeupe tupu, ndipo utresi. Ctrl+L (kurahisisha mstari) mara moja tu. Ukizidisha, kona zinalegea. Ukitaka mstari mmoja, kuanzia Inkscape 1.0 kuna kutresi kwa mstari wa katikati.

kalamukavu: Sikati stika mimi.

fundi_mabango: Jalada likihitaji bango la mita mbili utanitafuta.

Wino: Kwa dpi 100 hilo ni pikseli 7874. A4 yake tayari ina 7016.

msonge: Akizima ulainishaji wa kingo, ngazi-ngazi za pikseli zitaonekana kwa karibu.

Wino: Nani husoma bango kwa karibu?

leya_ya_saba: Kabla hamjalipa: Clip Studio PRO au EX? PRO haipangi kurasa nyingi kwenye mradi mmoja.

kalamukavu: Kumbe ziko mbili?