Sponji ya siti ya gari kwenye chujio la samaki: dawa ya kuzuia moto inaua vifaranga?

MfugajiNzuguni
Wakuu, salamu. Tangi ni la lita 5,000, vifaranga 400 vya perege, gramu 2 hivi kila mmoja. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Chujio ni pipa la lita 200 lililojazwa sponji ya siti ya gari chakavu. Leo siku ya sita tangu sponji iingie: wengine wanazunguka kama tiara iliyokatika uzi, wengine wamening'inia kichwa juu mkia chini, na ukipitisha mkono juu ya maji hawakimbii. Wanakufa 5 hadi 8 kwa siku. Nasikia siti huwekewa dawa ya kuzuia moto. Ndiyo inayoua? Na nikiifua kwa sabuni na kuianika, itafaa?

KambaleHombolo
Toa hiyo sponji leo, maswali baadaye. Siti za gari hutakiwa zisishike moto haraka, na viwanda vingi huchanganya fosfati zenye klorini ndani ya sponji. Shida iko kwenye huko kuchanganya. Dawa haijashikana na sponji kikemia, imekaa humo kama mafuta kwenye andazi. Ukiliminya, yanatoka. Na pampu yako inaminya usiku na mchana.

Kundi la zamani ni PBDE, zenye bromini. Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kukomesha kemikali sumu zisizooza, uliziingiza aina mbili kwenye orodha ya kukomeshwa mwaka 2009, na dekaBDE, aina yenye bromini nyingi zaidi, mwaka 2017, lakini magari ya kabla ya hapo bado yako barabarani na siti zake bado zinauzwa. Hizi haziyeyuki sana kwenye maji, zinakimbilia mafuta, kwa hiyo samaki huzipata zaidi kwenye tope na chakula. Mwilini zinavuruga homoni za thairoidi, tezi inayoongoza ukuaji. Kwa kifaranga hilo si dogo, maana homoni hizo zinahusika kibofu cha hewa kijae na lava (kitoto kilichoanguliwa karibuni) ageuke samaki kamili. Kibofu kisipojaa, samaki hawezi kukaa sawa majini.

Kufua kunatoa ya juu tu, ya ndani inaendelea kuvuja. Kuanika ni kubaya zaidi: mwanga wa jua huvunja dekaBDE kuwa aina zenye bromini chache, ambazo samaki hunyonya kirahisi zaidi.

PimaKwanza
Sponji itoke, sawa, ila hukumu bado. Sponji ya siku sita haijaota bakteria wa kutosha wa kuvunja amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kwa hiyo chujio halijaanza kazi na amonia inapanda. Samaki kuzunguka na kulegea ni dalili za amonia pia. Pima amonia na pH (kipimo cha uasidi na ualkali wa maji) asubuhi, kisha saa tisa alasiri. Kwenye nyuzi 28, pH ikiwa 7.5, karibu asilimia 2 tu ya amonia yote iko katika hali ya sumu. pH ikifika 8.5, ni asilimia 18. Maji ya visima vyetu hapa mara nyingi yako upande wa juu. Acha kulisha, badilisha theluthi ya maji, na maji mapya uyapige hewa kwanza, maana ya kisima hutoka na oksijeni kidogo.

Ukitaka kujua kama ni sponji, chukua ndoo 4 za lita 20. Weka lita 10 za maji mapya ya kisima kila moja, si ya tangini. Mbili ziloweke gramu 100 za sponji kwa saa 24, kipande cha siti hiyohiyo ambacho *hakijaingia* kwenye chujio. Kilichotumika kina kinyesi na kitakudanganya. Kisha vifaranga wazima 10 kila ndoo, hewa kote, bila chakula, saa 96. Wakifa zaidi ya 2 kwenye ndoo mbili zisizo na sponji, jaribio limeharibika, rudia. Wakipona wote, usishangilie: madhara ya thairoidi huja polepole, saa 96 haziyaoni.

MfugajiNzuguni
Asanteni. Mbadala wa sponji ni nini? Na perege wakubwa wanaopokea maji hayohayo wanalika?

KambaleHombolo
Vifuniko vya chupa za soda, neti ya kivuli iliyooshwa, au kokoto za graniti, na Dodoma hatuna uhaba wa graniti. Dondoshea kokoto siki: ikitoa povu ni chokaa, itapandisha pH, iache.

Wakubwa wahamishie maji safi. Fosfati nyingi huwatoka kwa siku chache, PBDE hukaa wiki hadi miezi, na kwa macho huwezi kujua umeingiwa na ipi. Mimi nisingewauza. Kuwapika hakuharibu PBDE.

PimaKwanza
Na sponji usiichome. Moshi wake una sianidi, na yenye bromini hutoa dioksini, sumu kali inayodumu muda mrefu. Ifunge kwenye mfuko, iende dampo, isitupwe korongoni.