Nimeuziwa tivii ndani ya sanduku nikaambiwa ni pinboli

Asalaam aleikum wanabaraza. Naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo mnisamehe mkiona maneno yamenitoka.

Mwezi wa pili nilitoa laki mbili na nusu, pesa ya chama nilichocheza miaka miwili, nikanunua mashine ya pinboli ya kuweka nyumbani. Kwa asiyeijua, pinboli ni mchezo wa meza iliyoinama, mpira unateremka nawe unaupiga kwa vikono viwili, flipa, usikuponyoke chini. Si ile ya kweli yenye mpira wa chuma. Hii ni ya dijitali: sanduku lenye miguu minne, tivii ya inchi 43 imelazwa pale mpira unapotembea, skrini ndogo kichwani, kompyuta tumboni, vitufe ubavuni. Muuzaji ni kijana mwenye duka huku huku kisiwani. Aliniapia: "Mzee wangu, hii na ile ya chuma ni pacha. Tofauti yake, hii haishiki kutu."

Neno kutu ndilo lililonimaliza. Nakaa Kibokoni, mji wa kale wa Mombasa, bahari naisikia nikiwa kitandani, na nimeshazika feni tatu na friji moja. Na humu barazani pia nilipouliza, wengi wenu mlinijibu vivyo hivyo: ya kweli itakuliwa na chumvi, stima itaiunguza, ngazi za nyumba za mji wa kale haipandi. Nikasikia la wakubwa.

Siku ya kwanza nilifurahi, sitadanganya. Taa zinawaka, kengele zinalia, watoto wa jirani wamejaa mpaka mlangoni. Siku ya tatu nikaanza kujiona mzembe. Mpira unakuja, nabonyeza, flipa inanyanyuka mpira ushapita katikati umekwenda zake. Nikasema labda ni umri, vidole vimelala. Mimi pinboli nimeijua tangu 1994, nikiosha vyombo kwenye hoteli moja ya Pwani ya Kaskazini. Wageni wakienda kulala, sisi wa jikoni tulikuwa tunasimama pale hadi saa nane usiku. Sijawahi kukosa mpira namna hii.

Mwanangu wa kidato cha tatu ndiye aliyenitoa ujinga. "Baba, hebu tupige video." Akaiweka simu kwenye ile kamera ya mwendo wa polepole, fremu 240 kwa sekunde. Nikabonyeza. Kisha tukakaa kitandani tukahesabu picha moja moja, kuanzia kidole kilipozama mpaka flipa ilipotikisika. Ishirini na sita! Kila fremu ni milisekunde 4 na kidogo, kwa hivyo mashine yangu inanijibu baada ya milisekunde 108. Sasa pigeni hesabu. Mpira unaokwenda mita 2 kwa sekunde, na huo kwa pinboli si mwendo wa kutisha, muda huo ushatembea sentimita 21. Flipa yenyewe haizidi sana sentimita 7. Yaani mimi nacheza na mpira wa jana.

Nikarudi dukani. "Mzee, zima uwashe." Nimezima, nimewasha. "Basi ni stima ya kwenu." Stima ya kwetu inakatika, sikatai, lakini haichelewi! Kumbe tivii yenyewe hawakuiweka kwenye hali ya michezo, ile inayoifanya iache kuipamba picha kabla ya kuionyesha. Na rimoti hawakunipa. Nimeinunua mwenyewe Mwembe Tayari, shilingi 300, nikaingia kwenye menyu, tukahesabu tena: fremu 15. Afadhali, lakini bado ni milisekunde 62. Zilizobaki zinatoka kwenye kompyuta, na hiyo fundi wa Majengo aliifungua akacheka peke yake, kisha akaniita nichungulie. "Hii ni ya ofisi, mzee. Ilikuwa inaandika barua."

Halafu kuna kusukuma. Anayeijua pinboli anajua nusu ya mchezo ni kiuno. Ile ya kweli ukiisukuma mpira unafuata, kwa sababu ni chuma cha gramu 80 juu ya ubao ulioinamishwa nyuzi 6 na nusu, hauna pa kujificha. Ukizidisha, ndani inaning'inia timazi, timazi kabisa kama ya mwashi, ikigusa pete yake mashine inakukatia flipa na mpira umekula hasara. Yangu imewekewa kifaa cha kuhisi mtikisiko. Nikiisukuma kwa nguvu zangu zote, mpira unafikiria kwanza. Mke wangu akibamiza mlango wa jikoni, mpira unaruka.

Lakini yote hayo ningemeza. Kilichonichoma ni hili: kwenye ile laki mbili na nusu alinihesabia shilingi 60,000 za "michezo 500, leseni zote". Fundi akanionyesha programu inayoendesha vitu vyote hivyo. Ni Visual Pinball. Ni ya BURE. Ilitolewa mwaka 2000 na mpaka leo unaipakua bila kutoa hata ndururu. Meza zenyewe, yaani hiyo michezo mmoja mmoja, zinachorwa na wapenzi wa mchezo, watu wanaokesha kwa mapenzi yao, na wengi wao wameandika waziwazi kwamba kazi yao isiuzwe wala isipakiwe kwenye mashine za biashara. Maneno hayo nimeyasoma kwenye mafaili yaliyomo ndani ya mashine yangu, niliyoyalipia! Kijana hata kuyafuta hakujisumbua. Na hizo 500, zinazofunguka ni kama mia tatu hivi. Nilimwambia tangu mwanzo nataka The Addams Family, ile ya 1992 ambayo zilitengenezwa zaidi ya 20,000, yenye mkono unaotoka kisandukuni na kuunyanyua mpira kwa sumaku. Nikiifungua, mkono unatoka, mpira unabaki chini. Mkono unarudi ndani na hewa.

Sasa njooni Nyali kwa shemeji yangu. Yeye hakusikia la mtu. Alinunua ya kweli, kuukuu, ya miaka ya 1990, kwa mgeni aliyekuwa anahama. Kilo mia na ushei. Hamali wanne, miguu ikafunguliwa bolti zake nane, kichwa kikalazwa, ikaingia mlangoni kama kitanda. Siku ya kwanza aliichomeka bila kuuliza, na ilikuwa imefungwa kwa volti 115 za Marekani. Sisi hapa ni 240. Pa! Moshi, na harufu ambayo mpaka mapazia yaliishika. Nilicheka wiki nzima. Fundi akabadilisha nyaya kwenye kiungo cha transfoma, akatia fyuzi na kile kidude kinachojitoa mhanga umeme ukizidi, ikawaka.

Kutu ipo, msidhani anaificha. Mipira amebadilisha mara mbili. Raba zote amevua akavisha mpya. Betri tatu ndogo zilizokaa juu ya bodi alizikuta zimeanza kutokwa machozi, akazing'oa kabla hazijaitafuna. Swichi zikigoma anatoa kioo, anapitisha kipande cha kadi ya mwaliko wa harusi katikati ya vibati viwili vya swichi vinavyogusana, anavuta mara mbili tatu, basi. Ana kadi za harusi za mji mzima mle ndani ya droo.

Nilikwenda Jumapili. Nikavuta springi, mpira ukapanda, ukashuka, nikabonyeza, na koili, ile sumaku ya umeme inayoirusha flipa, ikapiga TAK, nikaisikia mpaka kwenye kiwiko. "Shemeji," akaniambia, "mbona umeishika kama mgonjwa? Isukume." Nikaisukuma. Mpira ukaniitikia. Nikacheza mpaka magharibi, mama mkwe akipita nyuma yangu akinung'unika kamari, kamari. (Si yeye wa kwanza. New York waliipiga marufuku kwa sababu hiyo hiyo hadi 1976, bwana mmoja alipokwenda mbele ya baraza la jiji akautaja mpira utakakopita kabla ya kuvuta springi, nao ukapita papo hapo.)

Kwa hivyo nyinyi mliojaza majibu hapa kuhusu chumvi, mlinipa nusu ya habari. Kutu naiona kwa macho na naifuta kwa kitambaa. Milisekunde 62 nitazifuta na nini? Msinielewe vibaya: najua kuna watu wamejiundia za dijitali kwa skrini ya kasi na kompyuta ya maana, na wanastarehe, na mwenye chumba kimoja anayetaka meza mia ana haki yake. Hiyo sijauziwa mimi. Na wale wa "nunua mpya": mpya kutoka Marekani ni maelfu ya dola, hapo hujagusa meli, ushuru wala VAT ya asilimia 16. Semeni na mtu mwingine.

Ninachotaka kwa kijana ni shilingi 60,000 za vitu vya bure, na kompyuta iliyoandikwa kwenye risiti. Risiti ninayo, imeandikwa kwa mkono, "kompyuta ya gemu, kali". Kesho asubuhi naenda nayo dukani, na mwanangu anakuja na simu yake na zile video. Na kama kuna mwenye ya kweli anayehama au aliyechoka nayo, hata iwe bubu, hata iwe na kutu, aniandikie. Hamali nitaleta mwenyewe.

NYONGEZA, saa tatu usiku: kijana amenijibu. Nanukuu neno kwa neno: "Mzee wangu tusivunjiane heshima. Leta mashine nikuongezee michezo 200 bure."