Naomba ushauri: tunahama Glasgow kwenda Newcastle

Habari zenu wapendwa. Mume wangu amepata kazi Newcastle, England, kwa hiyo tunahama Uskoti mwezi ujao. Wenzangu kazini ni utani kutwa: eti msaliti mimi, nikishavuka Ukuta wa Hadrian (ule wa kale wa Warumi, wengi hudhani ndio mpaka wa Uskoti na England) nisirudi! Nawajibu ukuta wenyewe wote uko England, wala si mpaka. Nitawakumbuka mno watu hawa.

Kinachoninyima usingizi ni binti yetu, anamaliza sekondari mwakani. Mkazi wa Uskoti akisoma chuo kikuu hukohuko halipi ada. Tukihama sasa, haki hiyo inapotea? Au abaki kwa shangazi yake Glasgow?

Halafu dawa za pumu za mume wangu. Huku ni bure tangu 2011, kule zinalipiwa. Mnaolipia kwa mwaka mzima, mnaona nafuu?