Vyakula vya kiasili Gredi ya 2: nifundisheje bila watoto kuumwa na tumbo wala kuchekana makabila?

mwalimu_umoja

Walimu wenzangu, hamjambo. Nina watoto 46 wa Gredi ya 2 hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, na wiki ijayo nina vipindi vitatu vya dakika 30 kuhusu vyakula vya kiasili na usafi wa chakula. Mwalimu mkuu anataka uraia uonekane ndani ya somo lenyewe, si kutajwa tu kwenye maandalio. Tuna jiko moja la makaa, sufuria mbili kubwa na maji ya mitungi. Friji hakuna.

Naomba msaada kwa haya: watoto waje na chakula kutoka nyumbani au tupike shuleni? Tupike nini? Na nifanyeje somo lisigeuke kuwa "Wajaluo hula samaki, Wakikuyu hula githeri"? Kuna watoto ambao tayari wanachekwa kwa sababu ya omena (dagaa wa ziwani).

jikoni_shuleni

Mwalimu, chakula kilichopikwa nyumbani kisije kabisa. Mzazi anapika saa kumi na moja alfajiri, kopo linafungwa chakula kikiwa bado moto, kisha linakaa ndani ya begi mpaka saa nne. Hayo ni masaa matano ya uvuguvugu. Chakula kilichopikwa hakifai kukaa zaidi ya masaa mawili nje ya friji, isipokuwa kiwe kimeshikiliwa moto wa zaidi ya nyuzi 60. Wali ndio mbaya zaidi, kwa sababu una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na vikishatoa sumu, kupasha moto tena hakuiondoi. Watoto waje na vitu vikavu au vibichi: punje za mtama kwenye chupa ndogo, jani la kunde, kiazi kitamu kimoja.

Shuleni pika viazi vitamu na uji wa wimbi, basi. Githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, itakula makaa na muda wote, maana hapa Nairobi tuko juu na maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 hivi, kwa hiyo maharagwe hayaivi upesi. Maharagwe mekundu yasiyoiva sawasawa nayo huleta kutapika na kuhara.

Viazi: kilo 3 zinatosha watoto 46, kila mmoja akipata kipande cha gramu 50 hivi. Chagua vya ukubwa mmoja, la sivyo vidogo vitapasuka na vikubwa vibaki vigumu katikati. Visugue kwa brashi na uvichemshe na maganda yake, maji yakivifunika, dakika 30 hadi 40, mpaka kisu kipite bila kukwama. Ganda ndilo kinga yako, kwa sababu mikono haigusi kiazi chenyewe mpaka wakati wa kugawa.

Uji: unga wa wimbi gramu 450 kwa maji lita 5. Koroga unga kwanza katika lita 1 ya maji baridi mpaka madonge yaishe, kisha umimine kwenye lita 4 zinazochemka huku ukikoroga. Ukianza kutokota, uache dakika 15 hadi 20. Wanaomwaga unga mkavu kwenye maji moto hupata madonge yaliyoiva nje na mabichi ndani. Nunua wimbi mtupu, ulioshe kutoa mchanga, ulianike likauke vizuri, upeleke kwenye mashine ya kusaga. Ule unga wa uji uliochanganywa tayari mara nyingi una njugu karanga au soya, na kwa mtoto mwenye mzio hilo si jambo dogo.

Tena hatari kubwa ya siku hiyo si vijidudu. Ni kuungua. Uji hushika moto kuliko chai, kwa hiyo mimina ml 100 kwa kila kikombe dakika 20 kabla watoto hawajaitwa, na uonje mwenyewe kwanza. Jiko likae nje, kamwe lisiingizwe darasani hata kukinyesha, kwa sababu moshi usioonekana wa makaa huua. Chora mstari wa chaki mita mbili kulizunguka na mtu mzima asimame hapo muda wote.

uraia_kwanza

Kuhusu makabila: usipange chakula kwa kabila hata kidogo. Zile meza za "siku ya utamaduni", kila jamii na kona yake, zinapendeza kwenye picha lakini zinamfunza mtoto kwamba chakula ni kitambulisho. Na mtoto ambaye mamake ni Mkamba na babake Mluhya utamweka meza gani? Darasa la Umoja lina wengi wa hao.

Panga kwa mahali na mvua. Chora ramani ya Kenya sakafuni kwa chaki, kubwa kiasi cha watoto kuikanyaga. Omena iwekwe Ziwa Victoria, mchele Mwea, nazi Pwani, mtama mahali penye mvua haba, maziwa kwenye nchi ya malisho. Kisha uliza swali moja tu: "Kwa nini watu wa hapa wanakula hiki?" Watoto wa miaka saba watajibu wenyewe: kwa sababu ziwa liko hapo, kwa sababu mvua ni kidogo. Ukifika hapo, chakula kimekuwa habari ya nchi, wala si habari ya watu wa aina fulani. Maliza kwa Nairobi: ni nini kati ya hivi tunachopata sokoni kwetu? Vyote. Hapo ndipo uraia ulipo.

Zoezi la pili ni la jani moja. Leta mnavu (mama mboga atakuuzia kwa jina la managu) na mtoto yeyote anayelijua kwa jina lingine alitaje: osuga, rinagu, lisutsa. Andika yote ubaoni, yasahihishwe na wenye lugha zao. Si mchezo wa kujaza muda. Kazi ya kuhifadhi vyakula vya kiasili ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2021 kama mfano mzuri kutoka Kenya ilianza 2007 kwa njia hii hii, wataalamu wakikaa na jamii, na ikarekodi mimea kama 850 pamoja na majina yake ya kienyeji.

Kanuni ya darasa ya kuonja: hakuna kusema "chakula kibaya" wala kufinya pua. Anayekataa aseme "sijazoea". Wajaribishe kulisema neno hilo kabla chakula hakijafika mezani, kwa sababu likifundishwa baada ya mtu kuchekwa halina kazi. Na kila mtoto ana haki ya kutoonja.

Haki nazo zitaje, lakini kwa kimo chao. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi, na ya 43 inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kwa Gredi ya 2: "Kila mtoto wa Kenya anastahili kula, na chakula hicho kiwe safi." Inatosha. Ila usiulize "jana usiku mlikula nini?" Kuna mtoto ambaye hakula, na utamfanya adanganye mbele ya wenzake. Uliza "taja chakula unachokijua".

Nyongeza, kwa sababu najua litazuka: mtu atasema ugali wa mahindi ndio chakula cha kiasili. Mahindi asili yake ni Amerika. Mtama, wimbi na kunde ndio wenyeji wa Afrika. Chapati nayo ilitoka Bara Hindi na leo hakuna sherehe ya Nairobi bila chapati. Usiwakemee watoto wakizitaja. Weka safu mbili ubaoni, "vya zamani sana" na "vilivyokuja vikakaa".

afya_mtaani

Yote hayo sawa, ila usafi wa chakula usiishie kwenye wimbo wa kunawa mikono. Mtoto haamini asichokiona.

Mpake mtoto mmoja nusu kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia viganjani, unyunyize mdalasini wa unga. Anawe kwa maji matupu, darasa likihesabu hadi ishirini polepole: mdalasini hautoki. Kisha kwa sabuni, hesabu ile ile: unatoka, isipokuwa kati ya vidole na chini ya kucha. Waache walione hilo kwa karibu, ndilo somo lenyewe. Maji yamiminwe kutoka kwenye jagi. Beseni moja la kunawia watoto 46 ni supu ya mikono, afadhali wasinawe humo.

Managu mliyoleta: ng'oa vitunda vya kijani vyote, kwa sababu vikiwa vibichi vina sumu. Majani yaoshwe yakiwa mazima, ndipo yakatwe. Yakikatwa kwanza, uchafu unaingia kwenye majeraha ya jani na vitamini zinaondoka na maji. Badilisha maji mpaka usihisi mchanga chini ya beseni, kwa kawaida mara tatu. Mboga nyingine za jiji humwagiliwa maji ya mto uliochanganyika na maji taka, kwa hiyo kuzisuuza mara moja hakutoshi, na lazima zipikwe.

Mahindi yanastahili kipindi kizima. Weka kiganja cha mahindi kwenye sinia, watoto watenge kwa kijiko punje zenye ukungu, zilizotobolewa na zilizobadilika rangi. Hakuna kuonja wala kunusa. Waambie kwamba ukungu fulani hutoa sumu ya aflatoksini, na kwamba kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 hapa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, walipokula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa hayajakauka. Idadi hiyo ni yako wewe mwalimu, watoto wa miaka saba hawaihitaji. Wanachohitaji kukijua ni hiki: punje mbovu hairudishwi guniani. Hapewi kuku wala ng'ombe pia, kwa sababu sumu hupita hadi kwenye yai na maziwa. Na punje inayoonekana safi nayo inaweza kuwa na sumu, ndiyo maana kukausha ni bora kuliko kuchagua.

Hilo la kukausha linaonyeshwa kwa chumvi. Chupa ya glasi ya ml 750, kavu kabisa, ijaze mahindi theluthi moja. Tia vijiko vikubwa viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu wa mahindi umepita asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa. Ikianguka chini yote, ni makavu. Fanya chupa mbili, moja ya mahindi makavu ya dukani na nyingine ya yale uliyoyalowesha usiku na kuyafuta. Jaribio hili huharibika kwa sababu moja, chumvi yenye unyevu. Ianike juani kwanza.

mwalimu_umoja

Asanteni sana. Mzazi mmoja amejitolea kuja kupika omena siku hiyo. Nimkubalie? Na barua kwa wazazi iseme nini?

jikoni_shuleni

Mshukuru, lakini apikaye awe mpishi wa shule mwenye cheti cha afya cha wanaoshika chakula, kile kinachopimwa upya kila miezi sita. Mzazi asimame pembeni aelekeze na kueleza. Heshima yake haipungui, na kukitokea neno hutakuwa na la kujitetea usipofanya hivyo.

Omena usipike, si watoto wote watakaoila na mabaki hayana friji. Leta kikombe kimoja cha iliyokauka, imwagwe kwenye sahani nyeupe. Mzazi aonyeshe namna ya kuichambua mawe na kuiosha kwa maji moto, na kwamba huliwa nzima na mifupa yake, na mifupa hiyo ndiyo yenye kalsiamu ya meno yao. Yule anayechekwa umpe kazi ya kushika sahani na kuizungusha.

Barua itoke siku tano kabla, mistari minne: vyakula viwili vitakavyoonjwa na viungo vyake vyote, swali la mzio, swali la chakula kinachokatazwa na dini au nyumbani, sahihi. Ambaye barua yake haikurudi anashiriki yote ila kuonja. Maganda ya viazi yaende kwenye ndoo yake, plastiki kwenye nyingine. Sheria ya taka ya 2022 inataka zitenganishwe, na watoto wenyewe ndio wasimamie ndoo hizo.

afya_mtaani

Na kucha zikatwe Jumatatu, mwalimu. Usingoje siku ya kuonja.